Ukurasa wa Kumi na Moja wa Zaburi

Alhamisi iliyopita tulimzika Mwalimu Gaspari, na katikati ya misa ya maziko nililia kwa kwikwi hata mama mmoja aliyekaa nyuma yangu akanishika bega akaniambia, "Jikaze, dada yangu, njia yetu sote ni hiyo hiyo." Mungu amlipe wema wake, lakini sikuwa nikimlilia marehemu. Marehemu alikuwa ameshapita miaka tisini, ameugua, amepumzika. Nilikuwa nalilia nota. Kwaya ya vijana wa siku hizi ilisimama pale pale tulipokuwa tukisimama sisi, kwenye ngazi za kushoto mwa altare, wakaanza ile zaburi ya sifa ambayo mzee aliipenda kuliko chakula. Ni zaburi ya Kilatini, ya mtungaji wa Kitaliano aliyekufa kiasi cha miaka mia tatu iliyopita, muziki wa baroko, yaani muziki wa mapambo: sauti moja inaanza neno, nyingine inalidaka, ya tatu inalizungusha, na neno moja la sifa linaweza kula ukurasa mzima kabla halijakwisha. Vijana waliiimba vizuri, siwanyimi haki yao, mpaka walipofika pale sauti ya pili inapopanda peke yake. Hatua ya kwanza wakapanda sawasawa. Hatua ya pili wakakanyaga nusu hatua chini, na wala hawakujua kama wamekosea. Skola, shoga yangu wa tangu ujana, aliyekuja na boti ya asubuhi kutoka Dar kwa ajili ya maziko, akanipiga kiwiko cha ubavu.

"Umesikia?"

"Nimesikia."

"Ni ile ile!"

"Ni ile ile, Skola. Hebu nyamaza, tuko kanisani."

Nota ile iliyokosewa ni yangu. Niliiandika kwa mkono wangu karibu miaka arubaini iliyopita, nikaifuta kwa mkono huo huo, nikaamini imekufa. Kuisikia inaimbwa mbele ya jeneza la mtu niliyemkosea kwayo, ndiko kulikonitoa machozi. Basi leo nimekaa hapa kibarazani kwangu Kiembe Samaki, ndege zinapita juu ya paa zikinikatiza kila nikianza sentensi, na nimeazimia kuuandika mwaka ule wote kama ulivyokuwa. Ya baba na mama yangu, na walivyovuka kutoka bara, nitayasema siku nyingine, au nisiyaseme kabisa. Hapa nataka kusema habari ya benchi moja la kwaya, na jinsi nilivyokataa kuinuka.

Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja, karani wa kupiga taipu katika ofisi moja ya bandarini, na nilipanga chumba juu ya nyumba kuukuu huko Malindi. Ngazi zake zilikuwa za mbao, ya sita imekatika, na kila mgeni niliyempata nilimsikia akiikanyaga kabla sijamwona. Chini alikaa mwenye nyumba, Bi. Mwanakheri, mwanamke wa Makunduchi, mjane wa miaka arubaini na kitu, mnene, mwepesi wa ulimi, aliyekuwa na chuo cha kusomesha watoto Kurani katika ukumbi wa mbele. Alasiri zote nilizoishi pale zilianza na sauti za wale watoto zikipanda kupitia kwenye sakafu, na sauti yake juu ya zote: "Rudi! Rudi nyuma! Hapo huendi mpaka umerudi!" Mimi na yeye tulikuwa tunapikiana. Akipika muhogo wa nazi, bakuli moja linapanda juu. Mimi nikipata samaki wa kupaka, sahani inashuka. Kuhusu kanisa langu alikuwa na neno moja tu, alilolisema mara ya kwanza aliponisikia nikiimba dirishani: "Kila ndege na mti wake, Felista. Lakini wewe una sauti, mashaallah."

Sauti hiyo niliipoteza mwezi wa Julai. Nilikatwa tezi la shingo, na madaktari walifanya kazi yao vizuri, uhai wangu ninao mpaka leo, lakini nilipofungua mdomo wiki ya tatu nikasikia mlango usiotiwa mafuta. Kabla ya hapo nilikuwa mwimbaji wa sauti ya kwanza, yule anayepewa kile kipande cha juu ambacho wengine wanakiogopa. Baadaye hata kumwita muuza maziwa nilikuwa siwezi; nilipiga makofi. Sikulia. Niliona kulia ni kuikubali habari. Nilifunga shingo kwa ushungi wa kanga, kovu lisionekane, na Jumanne ya kwanza niliyoruhusiwa kutoka nikaenda mazoezini, nikakaa mahali pangu, benchi la mbele, mwisho wa kulia.

Mwalimu Gaspari alikuwa mtu mfupi, mwalimu wa hesabu, shati limefungwa vifungo mpaka kooni hata kwenye joto la Februari, na alitafuna tangawizi mfululizo mpaka ukikaa mbele yake unapiga chafya. Alinisikiliza nikijaribu mstari mmoja. Kisha akaja akachutama mbele yangu, wenzangu wote wanatazama, akasema kwa upole ambao ningeupenda zaidi kama ungekuwa ukali: "Pole sana, mwanangu. Lakini kwaya ni koo. Kiti hiki ni cha mwenye koo. Nenda ukakae na waumini, utusikilize." Nikasema, "Naam, mwalimu," nikainuka, nikatoka. Nyumbani nikamhadithia Bi. Mwanakheri, nikidhani atanihurumia. Alikuwa anachambua mchele. Akaniuliza, "Na wewe ukaondoka?" Nikamwambia ndiyo. "Ukaondoka tu, hivi hivi?" Akarudi kwenye mchele wake. Nilipandisha ngazi kwa hasira, nikaikanyaga ile ya sita.

Jumanne iliyofuata nilikuwa kwenye benchi kabla hajafika mtu. Mwalimu aliingia na kinanda chake cha kupuliza kwa miguu kinabebwa nyuma, akasimama mlangoni. "Umekuja kufanya nini, Felista?" Nilikuwa nimejitayarisha njia nzima. Juu ya kabati la sakristia, kile chumba cha padri kuvalia, kulikuwa na kitabu cha jalada la kijani, kimeachwa na padri mgeni miaka mingi nyuma. Ndani yake mlikuwa na ile zaburi. Mwalimu aliwahi kuisikia mara moja katika ujana wake, kwenye santuri ya yule padri, na tangu hapo akawa kama mtu aliyeposa akakataliwa: kila mwaka anakishusha kitabu, anakipangusa, anakirudisha. Taabu ni kuwa kiliandikwa kwa nota za mistari, na sisi sote, mwalimu mwenyewe akiwemo, tulikuwa watu wa sol-fa, do re mi, kama kwaya nyingi za kwetu. Hakuna aliyeweza kukisoma. "Nipe kile kitabu cha kijani," nikamwambia kwa ile sauti yangu ya mlango. "Nitakigeuza chote kiwe sol-fa, nota kwa nota, sauti zote nne. Na wakati nakigeuza, mimi ni mwanakwaya."

Akatafuna tangawizi yake. "Unajua nota za mistari?"

"Sijui. Nitajua."

Waimbaji wa besi wakacheka. Yeye hakucheka. "Sikiliza basi. Nawapa watu hawa miezi ya kuhifadhi kitu kwa lugha wasiyoijua. Kila nota iwe sawa. Nikikuta kosa, kitabu kinarudi kabatini, na wewe unarudi kwenye viti vya waumini. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, mwalimu." Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga.

Nilijifunza kwenye kijitabu kimoja cha Kiingereza nilichokipata kwa muuza vitabu vya zamani barabarani Darajani. Hakikuwa kamili, kurasa kadhaa za katikati zilikuwa zimeshakwenda kufungia karanga. Nilinunua kilichobaki. Kila alfajiri, baada ya adhana kabla ya kwenda kazini, nilikaa dirishani na rula, penseli mbili, kalamu ya wino na madaftari, nikahesabu mistari: hii ni do, hii ni re, hapa do imehama. Alasiri nikirudi, naendelea mpaka mwanga unapokwisha. Wino ulinikaa vidoleni mpaka mkubwa wangu wa kazi akanikataza kugusa barua za wakubwa. Nilianza na sauti ya pili, kwa sababu walikuwa wagumu kuhifadhi, nikawapelekea kurasa tano tano. Kila sauti ilijifunza mahali pake, kama ilivyokuwa desturi yetu: wanaume sakristia, sauti ya kwanza kanisani, sauti ya pili kwenye ukumbi wa nyuma, na hawakuchanganywa mpaka kila mmoja awe ameshiba cha kwake. Nilikuwa siwezi kuimba tena, lakini nilizunguka vyumba vyote vitatu na daftari mkononi, na Mungu anisamehe, nilijiona malkia.

Zaburi yenyewe, kwa wasioijua, inasema Bwana asifiwe tangu macheo hadi machweo, na kwamba yeye humnyanyua mnyonge kutoka mavumbini. Yule Mtaliano alipofika kwenye mavumbi aliwashusha wote chini, wakanyamaza, akaiacha sauti ya pili peke yake ianze kupanda, hatua moja, hatua mbili, ndipo sauti nyingine zinaingia tena na kubishana nayo hapo juu. Ukurasa wa kumi na moja. Nilipokigeuza kipande kile niliweka penseli chini nikasimama. Nilihisi ameniandikia mimi. Nikakiandika kwa hati nzuri kuliko kurasa zote.

Mwezi wa Machi mwalimu akachanganya sauti. Nakumbuka mvua za kwanza, milango imefungwa, joto la watu ishirini na wanne, na zaburi ikaamka kama kitu kilichokuwa kimelala. Ukurasa wa kwanza hadi wa kumi tulitazamana kwa furaha. Wa kumi na moja mwalimu akaacha kupiga. "Kuna uchachu hapo. Tena." Wakarudia. "Tena." Akainuka akawapitia sauti ya pili mmoja mmoja, sikio mdomoni, mpaka akafika kwa Skola. Skola alikuwa na sauti pana, iliwabeba wenzake wote. Wakipotea, wanamfuata yeye. "Wewe! Wewe ndiye unayeshusha. Unawavuta wenzako chini." Skola akasema anaimba kilichoandikwa. "Kilichoandikwa!" akafoka mwalimu. "Kila mvivu husingizia karatasi. Jumanne ijayo usije, mpaka nikikuita." Mimi nilikuwa nimekaa hatua mbili kutoka pale. Nikatazama daftari langu, nikaona hati yangu nzuri, nikasema moyoni: Skola, jamani, ungekaza sauti kidogo tu.

Akaja kwangu kesho yake. Nikamwekea muhogo wa nazi na kipande cha papa, akala kidogo kidogo. Skola si mtu wa kula kidogo. "Labda kweli nashusha," akasema. "Jana usiku wote nimejisikiliza. Mtu hawezi kujijua. Mama alisema nina masikio mazito." Akacheka, kisha akaweka kijiko. "Kwaya ndiyo kitu changu pekee, Felista. Nyumbani nafua, kazini nafua. Jumanne tu ndiyo sifui." Nikamwambia mwalimu atamwita. Nilisema kwa haraka, namna mtu anavyofunga mlango.

Alfajiri nikafungua kile kitabu cha kijani. Sikuwa nashuku nota yangu; nilitaka kumwonesha mwalimu jinsi kipande kilivyo kigumu, Skola apunguziwe adhabu. Wimbo ule una kawaida ya kurudia: kipande cha mavumbi kinakuja tena ukurasa wa ishirini. Nikaviweka sambamba. Kwenye nota za mistari kuna alama ndogo ya kuipandisha nota nusu hatua. Ukurasa wa kumi na moja alama ilikuwepo kwenye nota ya kwanza tu, ya pili haina, basi nikaandika ya kwanza juu, ya pili chini: fe, ambayo ni fa iliyopandishwa, kisha fa. Ukurasa wa ishirini, nota zile zile, ila hapa ule mstari wa wima unaougawa wimbo katika vipimo umekatiza katikati yake, na mchapaji ameiweka alama mara mbili. Fe, fe. Nikarudi nyuma nikatafuta mahali pengine penye alama, na pengine, na kila mahali ikawa hivyo hivyo: alama ikishawekwa inatawala mpaka mwisho wa kipimo, haina haja ya kurudiwa. Kila aliyesoma nota za mistari anajua hilo siku ya pili. Mimi somo hilo lilikwenda na karanga.

Nilishuka chini na kile kitabu mkononi, sijui kwa nini, kama vile Bi. Mwanakheri angeweza kukisoma. Alikuwa jikoni anapika uji wa pilipili manga. "Shikamoo, Bi. Mwanakheri." "Marahaba. Mbona uso umekushuka? Nani kafa?" Nikamwambia yote: kosa, Skola, sharti la mwalimu. Nikamwambia kuwa nikisema, benchi sina; nisiposema, Skola hana. Na hakuna anayejua, wala atakayejua, maana hakuna anayeweza kukisoma kitabu ila mimi. Nilisema hilo la mwisho polepole, nikamtazama, nikingoja aniambie kitu ambacho kingenipunguzia mzigo. Akakoroga uji.

"Mficha uchi hazai," akasema.

"Lakini Bi. Mwanakheri, miezi minane nimehangaika..."

"Nshakujibu. Kunywa uji wako, umechelewa kazini."

Jumanne nilifika na kitabu cha kijani kwapani. Benchi la sauti ya pili lilikuwa na pengo la Skola katikati, na wenzake wamekaa wakiacha nafasi yake kama ya mgonjwa. Nikangoja sala iishe, nikasimama. "Mwalimu, Skola hashushi. Skola anaimba nilichomwandikia mimi. Kosa ni langu, ukurasa wa kumi na moja, kipimo cha nne. Nimekwisha kulinganisha, sina shaka." Nje nikasikia mtu anabishana bei ya nazi. Mwalimu akatoa tangawizi mdomoni, akaifunga kwenye leso.

"Nani mwingine ameliona?"

"Hakuna."

"Hakuna aliyekwambia?"

"Hakuna, mwalimu."

"Nilikwambiaje siku ile?"

"Kosa moja, kitabu kabatini na mimi kwenye viti vya waumini."

"Na unasemaje?"

Hapo ndipo nilipomshangaza, na nikajishangaza. Nikasema: "Nasema kitabu kisirudi kabatini. Watu wamehangaika. Mimi nipe nafasi nisafishe nilichochafua. Nikimaliza, viti vya waumini navijua vilipo." Mzee mmoja wa besi akasema basi tuimbe zile za zamani, Pasaka imekaribia. Mwalimu akamnyamazisha kwa mkono. "Wiki tatu," akaniambia. "Rekebisha, halafu tutaona. Na mtu amkimbilie Skolastika."

Kurekebisha karatasi ilikuwa kazi ya alasiri mbili. Niliyakusanya madaftari yote, nikakwaruza kwa wembe, nikaandika upya. Moja tu sikulipata: la mwalimu mwenyewe. Nilinyosha mkono, akalivuta kwake. "Hili liache." Nikasema, lakini lina kosa, mwalimu. "Nimesema liache." Akaliweka ndani ya mfuko wa ngozi, akafunga. Nikaelewa, au nilidhani nimeelewa: ameweka ushahidi.

Kurekebisha vinywa, hapo ndipo nilipokiona cha mtema kuni. Wanawake wanane walikuwa wamehifadhi kosa kwa miezi minne. Walitazama fe, wakaimba fa. Niliwagongea meza, niliwaandikia ubaoni, Skola alikuwa anapiga paja lake kwa hasira, na bado mdomo ulikwenda ulikozoea. Zikabaki siku tisa Pasaka ifike. Nilirudi nyumbani, watoto wa chuo wanatawanyika, nikaketi kwenye mkeka wao. "Bi. Mwanakheri, mtoto akishahifadhi kosa, unalitoaje?" Akanitazama kama niliyemuuliza namna ya kuchemsha maji. "Simsahihishi. Nkimsahihisha ananskia mimi. Nampa mwenziwe asiyejua, namwambia, mfundishe. Akimfundisha anajiskia mwenyewe, na aibu inamshika mkono. Kesho kosa hulioni."

Niliwafuata mmoja mmoja majumbani, siku nane, wanawake wanane. Kila mmoja nilimpa mwanafunzi: mume, jirani, dada, yeyote asiyewahi kuiimba. Skola alimfundisha mwenzake wa kazini, wamesimama kwenye karo, mikono imejaa povu. Mama mmoja wa Kikwajuni hakuwa na mtu, nikawa mwanafunzi wake mimi. Alinionesha hatua ya kwanza, akanionesha ya pili, akakosea, akajisikia, akasimama. "Aa! Siyo." Akarudi mwenyewe. Kisha akaniambia, "Haya, wewe sasa." Nilisita. Tangu siku mwalimu aliponitoa benchini sikuwa nimeimba mbele ya mtu. Nikaimba nota zile mbili, kwa sauti nzito, iliyopasuka, chini kabisa ya mahali nilipokuwa nikiimba zamani, na zilikuwa sawa. Akatikisa kichwa kama mwalimu aliyeridhika. "Mbona unaweza," akasema. "Ungekuja kwetu, sauti ya pili."

Pasaka tuliiimba. Mvua ilinyesha juu ya bati la sakristia mpaka nikaogopa zaburi haitasikika, lakini tulipofika mavumbini mvua nayo ikapungua, na wanawake wanane, na wa tisa mimi nimebanwa pembeni ya Skola bila kumuomba mtu ruhusa, tukapanda. Fe. Fe. Sauti zilizobaki zikaingia juu yetu. Nilimtazama mwalimu. Alikuwa amefumba macho, miguu inasukuma kinanda, na kwenye kidevu chake kulikuwa na jasho au machozi, sikujua. Baada ya misa hakuniambia asante wala pole. Jumanne iliyofuata nilikuja nikasimama mlangoni, sijui niende wapi, maana alikuwa bado hajasema "tutaona" yake imeona nini. Akanitupia kitabu kingine. "Na hiki hakina sol-fa," akasema. "Kaa, tumechelewa." Nikakaa benchi la sauti ya pili kwa miaka kumi na saba. Hatukulizungumza lile jambo hata siku moja. Lakini kila nilipomwona na ule mfuko wa ngozi, nilikumbuka kilichomo, nikaanza upya kulihesabu kosa langu. Bi. Mwanakheri, Mungu amrehemu, aliniambia niache kuchokonoa. Sikuacha.

Sasa Alhamisi hiyo ya maziko, baada ya makaburini, tulikwenda nyumbani kwa marehemu. Tulipewa wali na mchuzi kwenye sinia, mimi na Skola tukala sinia moja, na akaja binti mmoja kutusalimu. "Shikamooni, bibi zangu. Mimi Neema, mwalimu wa kwaya." Mwalimu wa kwaya, mtoto hajafika miaka thelathini. Skola hakungoja: "Marahaba. Ile zaburi mmeitoa wapi?" Neema akasema mabinti wa marehemu waliwapa daftari lake miezi mitano iliyopita, mzee akiwa hai, aliagiza mwenyewe aimbiwe, wakalipiga picha kwa simu, wakahifadhi kutoka humo. Madaftari yetu mengine yaliliwa na mchwa zamani. Nikamwomba alilete. Akalileta likiwa mfukoni, mfuko ule ule wa ngozi, umekauka kama papa.

Nilifungua ukurasa wa kumi na moja. Hati yangu nzuri ilikuwepo, fe na fa, haijaguswa. Pembeni, kwa penseli, kwa mwandiko wa mwalimu wa hesabu, kulikuwa na mistari mitatu. Skola alinisomea maana miwani yangu ilikuwa imeloa. "Kosa la Felista. Amelikiri mwenyewe, hakuna aliyelijua. Lisifutwe."

Miaka yote hiyo. Nilikaa na sinia mbele yangu, wali unapoa, na Skola ananipapasa mgongo akisema, "Basi, basi, mjinga wewe, basi."

Daftari nimemrudishia Neema kama lilivyo. Marehemu amesema lisifutwe, halifutwi. Lakini karatasi ni karatasi na vinywa ni vinywa. Nilimuuliza mazoezi yao siku gani, akasema Jumanne, saa kumi, kama zamani. Nikamuuliza sauti ya pili wako wangapi na kama wanaishi karibu, akanitazama bila kuelewa. Leo ni Jumanne. Nimeandika mpaka hapa, miguu inauma, mjukuu wangu ameshasema nisiende peke yangu, na mimi nimeshavaa. Wataniuliza mlangoni: Bibi, umekuja kufanya nini? Nimekwisha jitayarishia jibu. Nimekuja kutafuta wasiojua, muwafundishe. Nisogezeeni benchi.